Aibu ya Chungu cha Mlenda

Watu wengi husema kwamba mambo ya ladha hayana hakimu. Huyu apenda pilipili, yule haiwezi. Huyu asipopata samaki huona hakula, yule hataki hata harufu yake. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba kila mtu ana ulimi wake, na mazungumzo yataishia hapo. Nami nakubali kwamba ulimi ni wa mwenyewe. Hakuna awezaye kumwamuru mtu akipende chakula asichokipenda. Lakini liko swali jingine ambalo aghalabu hufichwa nyuma ya hilo la ladha, nalo ndilo ninalotaka tulitazame hapa: je, mtu aweza kukikosea chakula heshima? Na ikiwa aweza, amemkosea nani? Maana mboga haina moyo wa kuumia.

Huenda msomaji akaliona swali hili kuwa dogo. Wanaofundisha maadili huzungumza juu ya kuua, kuiba, kusema uongo na kusaliti. Mboga za majani hazimo katika orodha yao. Lakini wengi wetu hatuui wala hatuibi, na siku ambayo tunajaribiwa kufanya hivyo haiji mara nyingi. Kula tunakula kila siku. Jambo ambalo mtu hulifanya kila siku, bila kulifikiri, ndilo limjengalo au limbomoalo polepole, kama maji yanavyolichimba jiwe. Kwa hiyo si ajabu tukiyatafuta maadili yetu jikoni.

Nimeishi Isevya, mjini Tabora, kwa miaka mingi. Mtu anayetaka kujua mwaka umefika wapi katika mji huu hana haja kubwa ya kalenda. Na atazame akina mama wamepanga nini chini, kando ya barabara. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza Novemba, au pengine mwishoni mwa Oktoba, zikaendelea hadi Aprili. Zikisha kulowesha ardhi barabara, uyoga huanza kuingia mjini kwa mabeseni na ndoo, umefunikwa majani usikauke. Kisha huja mgagani, mlenda, majani ya kunde na ya maboga. Kwa wakati wake huja ntalali, lile tunda dogo jeusi ambalo watoto hulila hadi midomo ikabadilika rangi, na mbula, na ntonga yenye ganda gumu ambalo ni lazima ulipige chini ndipo lipasuke. Mvua zikisha kukatika, mafungu hubadilika tena. Sasa utaona vyakula vya akiba: nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa, mlenda uliokaushwa ukatwangwa ukawa unga, michembe, ambayo ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa, ambayo ni viazi vilivyochemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Vyakula hivi ni namna ya kuihifadhi mvua, ili iliwe wakati wa jua.

Basi miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumtembelea mtu mmoja tuliyefahamiana kazini. Sikuwa nimempasha habari. Nilifika karibu na saa sita mchana, na kabla sijakaribishwa ndani harufu ilinikaribisha: mlenda na karanga zilizotwangwa, na ugali ukisongwa. Mwenyeji wangu aliponiona alifurahi sana, kisha nikamwona anageuka upesi kuelekea jikoni. Alisema kwa sauti ya chini, lakini nyumba haikuwa kubwa:

“Mama watoto, hebu funika hicho chungu. Kuna mgeni.”

Mtoto alitumwa dukani kuchukua mchele. Mwingine alitumwa kwa muuza nyama, na nilielewa kutokana na maneno aliyopewa kwamba nyama hiyo italipwa mwisho wa mwezi. Nilimwambia mwenyeji wangu kwamba ugali na mlenda ungenitosha kabisa. Alicheka, akadhani natania. Tulikula wali karibu saa nane na nusu. Watoto walipewa mlenda nyuma ya nyumba. Nikamsikia mdogo wao akiuliza, “Kwani mgeni hali mlenda?” Na mama yake akamjibu, “Nyamaza, mwanangu. Mlenda si chakula cha kumpa mtu.”

Yule mama hakusema neno baya. Alikuwa mkarimu, na ukarimu wake uliigharimu nyumba yake fedha ambazo hazikuwapo. Lakini hebu tulitazame neno lenyewe jinsi lilivyo. Mlenda si chakula cha kumpa mtu. Na dakika ile ile watoto walikuwa wameuzunguka, wanaula. Mtoto mwenye akili, na watoto wote wana akili kuliko tunavyodhani, atafanya hesabu rahisi: kama mlenda si wa kupewa mtu, na mimi ndio niliopewa, basi mimi ni nani?

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba dharau ya chakula haibaki katika chakula. Hupitia humo tu, kama barua inavyopita posta. Anayeipokea ni mlaji.

Tujiulize basi aibu hii ilitoka wapi, maana haikuota yenyewe. Wengine husema kwamba ni kwa sababu vyakula hivi ni vya porini, havikupandwa na mtu, na chakula kisichotolewa jasho hakiwezi kuwa na heshima. Jibu hili laonekana zuri mpaka uikumbuke asali. Asali nayo hutoka porini. Hakuna aliyewapanda nyuki, wala maua ya miti ya mtundu na miyombo wanayoyanyonya. Hata hivyo hakuna mtu wa Tabora anayeificha asali mgeni akija. Huitoa mbele, huisifu, humfungia mgeni wake chupa aende nayo kwao. Hapa asali ni fahari ya mkoa mzima. Basi upori siyo sababu. Ukiangalia vizuri utaona kwamba kazi ya mizinga tangu zamani imekuwa aghalabu ya wanaume, na asali pamoja na nta vilikuwa vitu vya kuuzwa mbali, kwa watu wenye fedha. Uyoga, mgagani na mlenda vilichumwa na wanawake na watoto, vikaliwa nyumbani, na walioishiwa ndio waliovitegemea zaidi. Mwanamume akitoka porini na asali husifiwa kwa ushujaa. Mwanamke akitoka porini na kikapu cha uyoga, baada ya kutembea umbali ule ule, huulizwa kwa nini ugali haujaiva.

Sababu ya pili iko katika barabara yenyewe iliyoujenga mji wetu. Msafara uliotoka Bagamoyo ulifika hapa Unyanyembe ndipo ukagawanyika: wengine wakaelekea magharibi mpaka Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wengine kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika tarehe 7 Novemba 1857, wakati mji ukiitwa Kazeh, walikuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kukaa, wana nyumba kubwa za tembe, bustani na visima, na wanaishi kwa raha. Wapagazi Wanyamwezi nao walikwenda pwani na pembe za ndovu mabegani, wakarudi na nguo, na shanga, na habari za maisha waliyoyaona. Katika njia ile watu walikuwa wakipimwa kwa mizani miwili: kuna mwungwana na kuna mshenzi. Mwungwana alijulikana kwa lugha yake, kwa kanzu yake, na kwa kile kilichokuwa katika sahani yake. Wali ukapanda daraja. Ugali wa mtama na mboga za kuchuma zikashuka. Miaka zaidi ya mia imepita, misafara imekufa, wapagazi wote wamelala makaburini, na biashara ya watumwa tunailaani shuleni kila mwaka. Lakini mizani ile imesahauliwa jikoni kwetu, na bado inapima.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba chakula cha kigeni ni kibaya na cha asili ndicho kizuri. Wako wanaosema hivyo, tena kwa kelele nyingi, lakini hawajaichunguza sahani yao. Barabara hiyo hiyo iliyotuletea dharau ilituletea pia maembe, na leo nani awezaye kuufikiria mji wa Tabora bila miembe yake? Mahindi, muhogo, karanga na viazi vitamu vyote asili yake ni Marekani ya Kusini na ya Kati. Vilivuka bahari ya Atlantiki kabla ya kufika kwetu. Kwa hiyo matobolwa, ambayo Mnyamwezi aliye mbali na kwao huyaota usiku, ni kiazi cha mgeni aliyekaribishwa akawa ndugu. Reli ilipofika hapa mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, ilirahisisha safari ya dagaa na mawese mpaka Tabora, na Isevya ya leo huijua harufu ya mawese kama inavyoijua ya karanga. Ulimi wa mji wa njia panda hauwezi kuwa na ukabila. Chakula kinastahili heshima kwa sababu kimewalisha watu, na wako wanaokijua. Kutangulia kufika hakukiongezei wala hakukipunguzii kitu.

Sasa nimsikilize mpinzani wangu, maana anayo hoja, na hoja yake ni nzito. Siku moja barazani tulizungumza mambo haya, na mzee mmoja mstaafu akaniambia, “Bwana mdogo, ninyi mnaousifu mlenda hamkuula kwa kukosa.” Kisha akatukumbusha miaka ya katikati ya 1970. Ukame uliikumba nchi mwaka 1973 na 1974, wakati ule ule watu wakihamishiwa katika vijiji vipya, mbali na mashamba na mapori waliyoyazoea. Serikali ililazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje. Ndipo tulipoujua unga wa mahindi ya njano, ambao watu, kwa mzaha wa mwenye njaa, waliuita Yanga. Ambako hata huo haukufika, watu waliingia porini wakachimba mizizi na kuchuma majani. “Mimi nilikula majani asubuhi, mchana na jioni,” alisema mzee yule. “Leo nikiuona mgagani, naiona njaa. Na wewe wataka niuheshimu?”

Hakuna aliyemjibu upesi, na ilikuwa vema hivyo. Kumhubiria uzuri wa mboga za porini mtu aliyezila kwa kukosa kingine ni ukatili. Kuna sauti za watu walioshiba, wanaokaa mijini, ambao husifu vyakula vya kienyeji kwa sababu wao waweza kuviacha wakati wowote. Tena uchumaji ni kazi. Ni mgongo kuinama, ni miiba, ni nyoka, ni kutoka alfajiri na kurudi jua kali. Mwanamke ambaye angependa binti yake asome badala ya kufuata uyoga hawezi kulaumiwa kwa kupotea mila. Mtu ana haki ya kukichoka chakula, ana haki ya kuutamani wali, na ana haki ya kusema: hiki nimekila vya kutosha, sikitaki tena.

Lakini nilipoendelea kuyafikiri maneno ya mzee yule, niliona kwamba yeye hakuwa akiudharau mgagani. Alikuwa akiuchukia, jambo ambalo ni tofauti. Mtu huchukia kitu anachokijua. Alijua jina lake, mahali unapoota, jinsi ya kuupunguza uchungu kwa maziwa au karanga, na alijua kwamba ulimvusha. Adharauye hajui lolote na hataki kujua. Yule mzee angeulizwa na mjukuu wake, “Babu, hili ni jani gani?” angeweza kumjibu kwa hadithi ya saa nzima. Mwenyeji wangu wa kufunika chungu naye alijua. Lakini alikuwa akiwafundisha watoto wake kwamba ni vizuri kutojua. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mvua hazijatuahidi kwamba hazitakosekana tena.

Kwa hiyo natofautisha mambo mawili. Ladha ni ya mtu mwenyewe, na haina hakimu. Dharau ni ya watu wote, kwa sababu hasara yake huwafikia watu wote. Hasara hiyo nataka kuieleza kwa mfano wa uyoga, maana hakuna chakula kinachouonyesha ukweli huu vizuri zaidi.

Uyoga hauna cheti. Ule wa kuliwa na ule wa kuua huweza kufanana kama ndugu wa tumbo moja, na kupika hakuondoi kila sumu. Wala si kweli kwamba sumu hujitangaza kwa uchungu au kwa harufu. Njia pekee tuliyo nayo sisi tunaonunua barabarani ni kumwamini aliyechuma. Yeye naye aliamini macho ya mama yake, na mama yake ya nyanya yake. Kila unaponunua fungu la uyoga unakabidhi maisha yako, na ya watu wa nyumbani mwako, kwa mfululizo wa wanawake usiowajua, ambao wengi wao hawakupata kushika kalamu. Niliwahi kumwuliza mama mmoja muuzaji, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, “Mama, una hakika na huu?” Hakukasirika. Alisema, “Baba, wanangu waliula jana.”

Sijapata kusikia hakikisho lililo bora kuliko hilo kutoka kwa mfanyabiashara yeyote. Na tazama jinsi lilivyo kinyume cha neno la jikoni lile nililolisimulia. Kule, kwa kuwa watoto wanakila, chakula hakifai kupewa mtu. Huku, kwa kuwa watoto wamekila, chakula kinafaa kupewa mtu. Nadhani maadili yote ya chakula yamo kati ya sentensi hizo mbili. Mwenye kudharau huanza kwa kumweka mtoto wake chini ya mgeni. Mwenye kuheshimu humpa mgeni kile alichokwisha kumpa mtoto wake.

Sasa, elimu hiyo ya uyoga haiandikwi; hupokezwa kwa mkono. Mfululizo ukikatika mara moja umekatika. Binti akiona haya kumfuata mama yake porini kwa sababu wenzake watamcheka, hakuna atakayemfundisha binti yake yeye. Hata kama siku moja njaa itampeleka porini, atakuta uyoga na hataweza kuula, au ataula na kufa.

Tena elimu haipotei peke yake. Uyoga mwingi wa misitu yetu ya miyombo huishi kwa ushirika na mizizi ya miti. Mti huupa uyoga sukari iliyotengenezwa na majani. Uyoga nao huusaidia mti kuvuta maji na virutubisho kutoka katika ardhi yetu isiyo na rutuba nyingi. Ukiukata mtundu, umeukata na uyoga ulio chini yake. Mwingine huota katika vichuguu, ukilelewa na mchwa. Aina hizo huwezi kuzihamisha ukazipanda uani kama mchicha. Mahali pake ni pale tu. Kwa hiyo kuuheshimu uyoga huo maana yake ni kuheshimu mahali, na kuudharau ni kukubali kwamba mahali hapo hapana kitu.

Na kweli, tumeona mara nyingi mahali palipohesabiwa kuwa hapana kitu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Nachingwea, na hapa kwetu Urambo, mahali palipokuwa makao ya Mtemi Mirambo. Matingatinga yaliletwa yang'oe msitu ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Mradi uliachwa mwaka 1951, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30. Hapakuchelewa kuja tumbaku, na tumbaku imebaki. Tumbaku yetu ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni, na kuni hizo aghalabu zimetoka katika msitu huo huo wa nyuki, ntalali na uyoga.

Simlaumu mkulima wa tumbaku. Ana karo ya kulipa, ana paa la kuezeka kwa bati, na hakuna kiwanda kilichokuja kwake na fedha mkononi kuulizia ntalali. Ninalouliza ni juu ya hesabu. Tunapokaa na kuandika faida na hasara ya ekari moja ya pori lililofyekwa, upande wa faida tunaandika kilo za tumbaku. Upande wa hasara tunaandika nini? Mara nyingi hatuandiki kitu, kwa sababu tulikwisha kukubaliana kwamba palikuwa “pori tupu.” Mboga za mwaka mzima za familia kadhaa hazikuandikwa. Matunda ya watoto hayakuandikwa. Akiba ya siku ya njaa haikuandikwa. Hakuna aliyeyaficha kwa hila. Yalikwisha kufichwa zamani, siku chungu kilipofunikwa mfuniko mbele ya mgeni. Kitu tunachoona haya kukila hatutakuwa na uso wa kukitetea kwenye mkutano wa kijiji.

Msomaji ataniambia kwamba mambo yamebadilika, na ni kweli. Kituo cha kimataifa cha mboga kimekuwa kikifanya kazi Tengeru, Arusha, tangu mwaka 1992, na mgagani na mnavu vimeingia katika utafiti wake kwa heshima zote. Hapa kwetu, kituo cha utafiti cha Tumbi, nje kidogo ya mji, kilishiriki katika kuwafundisha akina mama kutengeneza jemu, juisi na mvinyo kwa matunda ya porini. Madaktari husifu mboga za majani, na wako watu wenye magari wanaosimama kando ya barabara kununua uyoga bila kuuliza bei mara mbili. Haya yote ni mema, nami nayafurahia.

Lakini nina wasiwasi mmoja. Heshima inayokuja kwa sababu wakubwa wamekubali ni ndugu wa ile dharau iliyokuja kwa sababu wakubwa walikataa. Mizani ni ile ile. Kilichobadilika ni uzito tu. Leo mlenda umepanda daraja kwa kuwa umesifiwa Arusha au Ulaya. Kesho ukishuka huko, utashuka na kwetu. Tena kitu kikipanda bei ghafla, mwenye kukichuma huweza kujikuta anakiuza chote, na watoto wake wakabaki na ugali mkavu. Au mtu mwenye haraka huingia porini, badala ya kusubiri tunda lianguke, akalikata tawi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Heshima ninayoizungumzia haiwezi kusubiri kusifiwa. Ni ile ya mama aliyesema “wanangu waliula jana.” Yeye hakuwa na habari za utafiti wowote.

Basi tufanye nini? Sina mpango mkubwa wa kuupendekeza. Nadhani wajibu wetu wa kwanza ni mdogo, na ni mgumu kuliko unavyoonekana: mgeni akija, tusifunike chungu. Kama kuna uwezo wa kuongeza nyama, na iongezwe, ukarimu haukatazwi. Lakini kile walichopikiwa watoto na kiwekwe mkekani pamoja na hiyo nyama, na kitajwe kwa jina lake bila kuomba radhi. Mgeni akikila au asikile, hiyo ni juu ya ulimi wake. Mtoto atakuwa ameona kwamba chakula chake kimewekwa mbele ya watu.

Wajibu wa pili ni kuyajua majina. Mtoto wa Isevya anaweza kukutajia timu za mpira za Uingereza na wachezaji wake. Simkatazi. Lakini miti mitatu iliyo nje ya mji wake huiita “miti,” na majani kumi yaliyo uani kwao huyaita “majani.” Kitu kisicho na jina ni rahisi sana kukifyeka. Majina haya hayanunuliwi, yanaombwa tu kutoka kwa walio nayo, na walio nayo wanazidi kuzeeka.

Mimi mwenyewe mchunga siupendi. Nimeujaribu kwa karanga na kwa maziwa, na uchungu wake bado hunifuata hadi jioni. Lakini unaota uani kwangu kila mvua zikija, karibu na ukuta, na kijana anayenisaidia kupalilia anajua kwamba hapo jembe halifiki. Jirani yangu mmoja mama mzee huja kuuchuma bila kubisha hodi kwa marefu. Siuachi kwa kuwa nategemea kuupenda siku moja. Nauacha kwa sababu dunia haikuumbwa kwa kipimo cha ulimi wangu, na kwa sababu yuko mwenye kuujua.